Blaki Mamba Jangwani

Barabara inayopita Mamboleo, Kisumu, ni ileile inayoanzia Isebania, mpakani mwa Tanzania, na kwenda kukomea mpaka wa Sudan Kusini. Habari hiyo ndogo ndiyo iliyotuponza, mimi na wenzangu Mwalimu, Fundi na Pasta, hata tukaenda Turkana kwa baiskeli. Mwalimu aliichora kwa kidole kilicholowa chai juu ya meza ya kibanda: Kakamega, Kitale, Lodwar. "Ukitoka hapa stejini unanyoosha tu," alisema. "Jangwa liko mlangoni kwetu."

Fundi akaongeza kwamba baiskeli ni mali yetu: bodaboda ilizaliwa Busia, ikalelewa Kisumu. Na jua je? Anayeuza samaki Kondele saa saba mchana ataambiwa nini na jua la Turkana?

Jangwa lilikuwa bado mbali sana mlima wa Nyang'ori ulipotushughulikia. Unaanza papo hapo Mamboleo, huku mtu bado anaaga jirani. Kabla ya Kiboswa tulikuwa tumeshuka tunasukuma, na watoto wa shule wakatupita kwa miguu wakisema, "Poleni, wazee," kwa sauti ile wanayotumia hospitalini.

Kitale nairuka, ni baridi na mahindi. Karibu na Kainuk askari walitutazama, wakatazama baiskeli, wakatazama vilima, kisha wakasimamisha lori. Majambazi wameisumbua njia ile kwa miaka mingi, na hakuna aliyebisha, hata Mwalimu. Kwa hiyo sehemu ya hatari zaidi ya safari yetu ya baiskeli tuliimaliza tumekalia magunia ya viazi.

Tukashuka Lokichar. Hapo ndipo tulipokutana na mathenge.

Mti huu uliletwa nchini kutoka Amerika ili uzuie jangwa, na kwa kweli umezuia kila kitu isipokuwa jangwa. Kule Baringo wenyeji waliwahi kumfikisha mbuzi mahakamani, meno yameharibiwa na maganda yake matamu, awe kielelezo. Sisi tungepeleka tyubu. Mwiba wake hauchomi tairi tu. Unapenya, unakatikia ndani, unasubiri utie tyubu mpya.

Fundi alifungua kisanduku chake kwa fahari. Pampu ilikuwa ya baiskeli ya Blaki Mamba, yenye mdomo wa valvu ya kizamani ile ya kipira chembamba. Pancha ilikuwa ya baiskeli ya gia ya Mwalimu, ambayo valvu yake ni kama ya gari.

"Omera, na ile pampu nyingine?"

"Ile niliona itatuongezea uzito."

Uzito! Huku Pasta amefunga kwenye keria gunia zima la omena, eti chakula cha njiani. Omena waliokwisha kuanikwa Dunga wakaanikwa upya Turkana, na harufu ikatutangulia kila tulikokwenda.

Lori lililopita lilitusaidia upepo, lakini kiraka kilichobandikwa mchana ule kilisogea chenyewe polepole, kikatua kando ya tundu, kikatulia pale kama shahidi. Fundi akalaumu sulushani. Tukiwa tunaibishania, mzee mmoja mwenye mbuzi akaja, akaketi juu ya kigoda chake kidogo, akatutazama kwa muda.

"Mmetoka wapi?"

"Kisumu, mzee."

"Magari yameisha?"

"Hapana. Tunatembea tu."

"Mnakwenda wapi?"

"Ziwani, Kalokol."

Akafikiri. "Kisumu hakuna ziwa?"

Mwalimu, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu nimjue, akaomba maji.

Tulifika. Ziwa Turkana ndilo ziwa kubwa kuliko yote duniani yaliyo jangwani, na ni zuri kweli, ila maji yake ni ya magadi, na koo lililotoka Lokichar halitaki magadi. Mwenye hoteli akatukaangia mbuta. Mwalimu akapata sauti tena, akatueleza kwamba mbuta wa Turkana ni mwenyeji, ilhali wetu wa Victoria aliletwa miaka ya 1950. Maana yake tumevuka nchi kula samaki yuleyule tunayemla kwetu. Pasta akajaribu kulipa kwa omena. Mama akanusa, akamwita paka. Paka naye akanusa, akaondoka.

Baiskeli zilirudi juu ya basi, sisi ndani. Kwa hiyo msomaji, ukisikia Mamboleo kuna Blaki Mamba inauzwa bei ya kutupa, keria yake imara, mwenyewe anasema imetumika mjini tu, inama unuse keria kabla hujatoa pesa.