Nyumba ya Tatu Kutoka Kona

Detroit, mwezi wa Aprili

Jumatatu. Kijana wa kuleta mizigo amepiga simu: ameshafika mtaani, nyumba haioni. Nilikuwa kazini, nikamwelekeza kama tunavyoelekezana Dar es Salaam: nyumba ya tatu kutoka kona. Yeye akahesabu nyumba zilizosimama, mimi nilikuwa nimehesabu viwanja. Mfuko wangu wa sembe, kilo kumi, akaushusha kwenye baraza ya nyumba isiyokaliwa na mtu, karibu na mwisho wa mtaa, na mvua ikanyesha mchana kutwa. Nimeupata saa moja usiku. Robo ya unga imelowa, nimeianika jikoni juu ya magazeti. Bibi jirani anasema alipohamia hapa mtaa ulikuwa na nyumba 31. Leo zimebaki sita, na moja ya hizo ndiyo hiyo tupu.

Jumanne. Basi la alfajiri limenipita. Kituoni palikuwa na dimbwi, nikasogea nyuma hatua mbili, dereva hakuniona. Pengine hakutegemea kumkuta mtu pale. Lililofuata lilikuja baada ya dakika 50. Muda huo wote niliitazama barabara: njia sita, na gari moja moja likipita kwa kasi. Sensa ya 1950 ilihesabu watu 1,849,568 katika mji huu. Ya 2020 ilihesabu 639,111. Watu wawili katika kila watatu hawapo, na barabara haijapungua hata shubiri. Nimefika kazini nimechelewa, nimekatwa saa moja.

Jumatano. Dada amepiga kutoka Mbagala, Dar es Salaam. Kwao vyumba vinne vinagombania bomba moja, na ukiacha kiwanja wiki mbili bila ukuta unakuta mtu ameshachimba msingi. Akaniuliza, "Mdogo wangu, viwanja vitupu katikati ya mji, kwa nini hawajengi?" Nikaanza kumweleza. Kuanzia miaka ya 1950 viwanda vya magari vilihamishia kazi nje ya mji. Barabara kuu zikapitishwa juu ya mitaa ya Weusi kama Black Bottom. Wazungu wakahamia ng'ambo ya barabara ya 8 Mile, iliyo mpaka wa mji, na Weusi waliotaka kuwafuata wakanyimwa mikopo na nyumba. Maelezo yangu yalipofika mwaka 2008, watu waliposhindwa kulipa mikopo na kodi wakapokonywa nyumba zao, simu ikazima chaji. Sikulijibu swali lake.

Alhamisi. Nimekanyaga maji hadi kwenye kifundo cha mguu, kwenye nyasi za kiwanja cha kona. Bomba la chini lilikuwa limepasuka, na kwa kuwa hakuna anayeishi pale, hakuna aliyepiga simu. Nimepiga mimi, nikasubiri dakika 40 kabla ya kujibiwa. Wakati nasubiri niliwaza kwamba mabomba haya yalizikwa kwa ajili ya umati. Umati umeondoka, mabomba yangali yale yale, na anayeyalipia ni aliyebaki. Mwaka 2013 mji huu ulitangaza kufilisika ukiwa na deni la takriban dola bilioni 18. Wengi huwalaumu waliobaki. Ningependa wangekuja wakasimama hapa, viatu vimelowa.

Ijumaa. Duka lenye mboga mbichi liko kilomita tatu, nimekwenda kwa miguu. Nikirudi nimekatisha viwanjani, ndege mkubwa wa jamii ya kwale akaruka miguuni pangu: kichwa kijani, pete nyeupe shingoni, mkia mrefu kama upinde. Trei ya mayai ikanitoka. Yamevunjika saba.

Jumamosi. Bibi jirani ana miaka 81. Kiwanja kilicho ubavuni mwake alikinunua kwa dola 100 kutoka benki ya ardhi ya mji, na vingine viwili ambavyo si vyake anavifyeka vilevile, kwa sababu nyasi zikirefuka watu huja usiku kutupa matairi. Leo nilimwambia akae, nikachukua mashine ya kukatia nyasi. Katika kiwanja cha pili nimekata maua ya manjano kabla sijayaona. Yalikuwa yameota kwa mstari ulionyooka kabisa, hatua kumi na mbili, kisha yakapinda kona. Ulikuwa mstari wa ukuta. Nyumba ilibomolewa miaka mingi iliyopita, maua bado yanaizunguka.

Nikaenda kumwomba radhi. Akasema mwenye kuyapanda alikuwa rafiki yake, na kwamba mizizi iko chini, mwakani yataota tena. Niliyoyakata akayatia kwenye glasi ya maji, akaiweka dirishani. Yaliyobaki nimeyapita kwa mbali.

Jumapili. Nimempigia dada kumalizia jibu. Nimemwambia si vitupu, kila kiwanja kina mtu anayekifyeka na mtu anayekikumbuka. Nimemwambia pia kwamba stesheni kubwa ya treni, Michigan Central, iliyofungwa 1988, ilifunguliwa tena Juni 2024, na kwamba mwaka 2023 watu wa mji huu waliongezeka kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1950. Akauliza mtaani kwetu tuko wangapi. Nikahesabu: kumi na mmoja.

"Basi wasalimie wote," akasema, kama anavyosema siku zote.

Jioni nimesonga ugali wa unga ule ulioanikwa. Unanuka gazeti kidogo. Nimempelekea bibi jirani, kisha nikapita nyumba kwa nyumba. Nyumba nne kwa jumla, mwendo wa saa nzima kwa sababu ya viwanja vilivyo katikati na watu wanaotaka kuongea. Salamu zimewafikia wote kumi.