Usiifunge Injini Kama Mwizi

Umenunua injini ya Toyota iliyotumika Japani, umeunda chasisi yako mwenyewe uani, na sasa injini inaning'inia kwenye mnyororo huku majirani wakichungulia juu ya ukuta. Hapa ndipo wajenzi wengi wa magari ya nyumbani hushikwa na haraka. Wanakata pleti mbili, wanazichomelea pembeni mwa chasisi, wanakaza bolti mpaka spana inalia, kisha wanapiga picha. Siku gari linapowaka, kioo cha pembeni kinatetemeka hata lori la nyuma halionekani, dashibodi inaimba, na haupiti muda sikio la giaboksi limepasuka. Injini imefungwa kama mwizi aliyekamatwa sokoni, nayo imelipiza.

Nawapenda watu wanaojijengea magari, na ndiyo maana naandika haya kwa ukali kidogo. Fundi atakayekwambia "chomelea tu, haitoki", mpe geti la nyumbani kwako achomelee. Injini mpe mtu mwingine.

Anza kwa kujua injini inakalia nini. Ukiuliza mauntingi ni za nini, yaani zile raba zilizogandishwa kati ya vyuma viwili, wengi watajibu: kubeba uzito. Uzito ndiyo kazi nyepesi kuliko zote, hata gogo la mwembe lingeifanya. Injini ya silinda nne ikiwa sailensa, yaani bila kukanyagwa mafuta, kwenye mizunguko 750 kwa dakika hulipua mafuta mara 25 kila sekunde, na kila mlipuko ni teke. Raba ikiwa ngumu kiasi kwamba injini juu yake hurukaruka kwa kasi iliyo karibu na hiyo 25, mtikisiko hauzuiwi bali huongezeka. Ili raba ianze kuumeza, mruko wa asili wa injini juu ya raba zake lazima uwe chini ya mara 18 kwa sekunde, na ukishuka hadi kumi na kidogo mambo huwa mazuri zaidi. Ndiyo maana gari lenye mauntingi za plastiki ngumu za mashindano hutetemeka zaidi likisimama kwenye taa kuliko likiwa mwendoni.

Jambo hili si geni. Mwaka 1931 Plymouth, chapa ya kampuni ya Chrysler, ilitoa gari lenye injini iliyokalishwa juu ya raba kwa hesabu makini, na kuuita mpango huo "Floating Power". Citroën ya Ufaransa ikanunua haki ya kuutumia mwaka uliofuata, ikaweka hata picha ya bata maji kwenye nembo ya magari yake kuonyesha kuwa injini inaelea. Kabla ya hapo abiria wengi walikuwa wakila mitikisiko kwa mifupa yao wenyewe. Wewe unayechomelea pleti tupu unawarudisha huko.

Sasa njoo kwenye kazi nzito, ile inayovunja vyuma. Injini inapozungusha shafti upande mmoja, mwili wake husukumwa upande wa pili. Tuseme inatoa nyutoni-mita 150. Kwenye gia ya kwanza yenye uwiano wa 3.5, nguvu inayotoka kwenye giaboksi ni nyutoni-mita 525. Ikiwa gari lako linasukumwa na magurudumu ya nyuma na mauntingi mbili za mbele zimeachana nusu mita, basi kwa makadirio ya haraka upande mmoja unakandamizwa kwa zaidi ya kilo mia na mwingine unanyanyuliwa kwa kiasi hicho hicho. Kwa injini nyingi, ukiwa umekaa kitini, upande wa kushoto ndio unaonyanyuka. Uzito wa injini pale kushoto hautoshi kuushikilia, kwa hiyo raba inavutwa. Raba iliyogandishwa kwenye chuma huvumilia kukandamizwa na kusukumwa kiubavu, lakini ukiivuta kila siku itabanduka.

Kama injini yako ni ya kukaa kiupande, ile yenye difu ndani ya giaboksi, hesabu inatisha zaidi. Zidisha tena kwa uwiano wa difu, tuseme 4, upate nyutoni-mita 2,100. Mzigo huo wote unabebwa na mauntingi. Kwa sababu hiyo magari ya namna hii hupewa fimbo fupi yenye raba ncha mbili, inayoizuia injini isipinduke mbele na nyuma. Gari la Mini lililobuniwa na Alec Issigonis na kutoka mwaka 1959 ilikuwa nayo, na raba zake zikilegea injini huchezacheza mpaka bomba la ekzosti linakatika. Ukiihamishia injini kama hiyo nyuma ya viti, hamisha na fimbo yake. Uiache kwenye skrepa, na utaiona injini ikikupigia saluti kila ukiachia klachi.

Anayedhani haya ni mambo ya karakana ndogo tu, asikie ya General Motors. Mwezi wa Desemba 1971 kampuni hiyo iliita magari yake karibu milioni 6.7 yarudishwe kurekebishwa kwa sababu mauntingi zilikuwa zikibanduka, injini inanyanyuka, na mwinuko huo unavuta eksileta ibaki wazi. Gari linakimbia lenyewe huku dereva ameondoa mguu. Tiba waliyoifunga ilikuwa waya wa chuma wa kuizuia injini isipande kupita kiasi. Kwa hiyo chagua mauntingi ambayo hata raba ikikatika, vyuma vyake bado vimeshikana. Kama huna, funga mnyororo mfupi upande unaonyanyuka, ulegee kiasi cha kidole.

Kuna watakaokujibu kwamba trekta halina mauntingi. Kweli, na gari la mashindano la Lotus 49 la mwaka 1967 pia lilibeba injini ya Cosworth bila raba. Lakini kwenye mashine hizo injini yenyewe ni sehemu ya mwili, imeundwa hivyo tangu kiwandani. Yako haikuundwa hivyo. Chasisi inapopita shimo hujikunja, na ukiikaza injini sehemu nne bila raba, atakayejikunja wa pili ni giaboksi ya aluminiamu. Shika sehemu tatu: mbili ubavuni mwa injini, moja mkiani mwa giaboksi. Sehemu tatu hazigombani.

Wakati wa kufunga, nunua mauntingi za gari lile lile ilikotoka injini, maana kiwanda kimeshakufanyia hesabu. Acha injini ining'inie mahali pake, kagua sampu isiguse ekseli, feni iwe mbali na rejeta, na propela isipinde kupita kiasi. Piga nukta chache tu za weldingi kwenye mabano, halafu toa injini na raba zote kabla ya kuchomelea kabisa, kwa sababu joto la weldingi huibandua raba kimyakimya. Kila bano liwekee pleti ya pembe tatu ya kulikaza. Zikinge raba dhidi ya joto la ekzosti kwa kipande cha bati, na uzibe uvujaji wa oili, kwani oili huilainisha raba ikawa kama ubwabwa.

Kisha kila kinachotoka kwenye injini kwenda kwenye gari kipe nafasi ya kucheza: bomba la mafuta, mipira ya maji, waya wa eksileta, ekzosti yenye kipande kinachonyumbulika. Na usisahau waya mnene wa athi kutoka kwenye injini hadi kwenye chasisi. Raba haipitishi umeme, hivyo bila waya huo umeme wa stata utatafuta njia kupitia waya wa klachi na kuuchoma.

Majaribio yafanywe na watu wawili. Mmoja akanyage breki kwa nguvu, aweke gia, aachie klachi kidogo kidogo. Mwingine atazame injini akiwa ubavuni, kamwe si mbele ya gari. Injini inatakiwa iegemee kidogo, itulie, irudi. Ikiruka na kugonga, zima.

Baada ya hapo, zitazame raba kila unapobadilisha oili. Iliyopasuka haitibiwi kwa gundi wala kwa kipande cha tairi kuukuu. Nunua nyingine.