Baskeli Haitoki Ukutani

Ukuta wa nyumba ya Bi Mkubwa, ule unaoelekea maskani yetu ya Mji Mkongwe, umesimama pale tangu kabla hajazaliwa yeyote kati yetu tunaokaa chini yake. Hakuna aliyewahi kuuona una kasoro, mpaka juzi Papasi, kijana wetu wa kuongoza watalii, aliposimama katikati ya kichochoro, mikono kiunoni, akautazama toka msingi mpaka darini.

"Ukuta huu," akasema, "unakula bure."

Muuza Kahawa akagonga vikombe. Kwake yeye kula bure si neno la mzaha, na anayelijua hilo kuliko wote ni Papasi mwenyewe. "Nani anakula bure?"

"Ukuta! Watalii wanapita hapa mchana kutwa, hakuna anayesimama. Tukiupiga mchoro mkubwa, watasimama. Wakisimama watapiga picha. Wakipiga picha watasikia kiu."

"Mchoro wa nini?"

"Papa."

"Papa yupo Jaws Corner," akasema Fundi Rangi bila ya kunyanyua macho kwenye dumna. "Kachorwa zamani, na pale pamepewa jina kwa filamu ya papa ya mwaka 1975. Wewe mchore nguru, angalau analika."

Hapo ndipo Baharia alipokohoa. Sisi sote tunakijua kikohozi kile. Baharia alishuka melini siku nyingi, lakini kila mada ya hapa kijiweni ana bandari yake. Ukisema jino linakuuma, atakwambia la kwake lilitolewa Karachi.

"Michoro ya ukutani mmeiona wapi nyinyi?" akasema. "Mie nimefika Penang."

Papasi akakaa.

"Penang ni kisiwa, Malaysia huko. Mji wake George Town. Ukifungwa kitambaa machoni ukashushwa pale, utadhani upo Mkunazini. Vichochoro, nyumba kuukuu zilizobanana, msikiti hapa, hekalu pale, na kila kona mtu anakaanga kitu."

"Hilo si uongo," akasema Maalim, naye husema hivyo kwa Baharia mara chache sana. "Miji hii miwili yote ni urithi wa dunia. Wetu uliingizwa na UNESCO mwaka 2000, wao 2008, pamoja na Melaka. Na karafuu, msinipige, walitutangulia wao. Waingereza waliishika Penang mwaka 1786, na kabla karne ile haijesha walishapanda karafuu na kungumanga. Sisi karafuu tumezikuta karne ya 19."

Pakawa na ukimya wa kuudhika. Kumwambia Mzanzibari kuwa karafuu ina kwao pengine si jambo la kufanya kabla ya kikombe cha pili.

"Tena pana msikiti wa Lebuh Acheh," akaongeza Maalim kupoza, "wa mwaka 1808. Aliyeujenga ni sharifu, asili yake Hadhramaut."

"Sasa unaona!" akasema Ustadh, ambaye mpaka wakati huo alikuwa anahesabu tasbihi. "Si watu baki wale." Akasogea karibu. Laiti angejua kinachofuata asingesogea.

"Basi hatua chache tu kutoka msikiti ule," Baharia akaendelea, "pana mtaa unaitwa Lebuh Armenian. Ukutani wamechorwa watoto wawili. Msichana mbele kashika usukani, mdogo wake nyuma kamng'ang'ania, wanacheka mpaka macho yamefumba. Lakini baskeli haikuchorwa. Baskeli ni baskeli! Ya chuma, kuukuu, imebandikwa ukutani."

"Imefungwa kwa nini?" akauliza Fundi Rangi. Safari hii macho aliyanyanyua.

"Sijui. Nimeivuta, haitoki."

"Uliivuta?"

"Nilitaka kujua."

"Nilijua tu," akasema Muuza Kahawa, akakisogeza kisahani cha kashata upande wa pili.

Maalim alishatoa simu, kavaa miwani. "Mchoraji ni Ernest Zacharevic. Mlithuania, kazaliwa Vilnius, kasoma London. Alichora mwaka 2012 kwa ajili ya tamasha la George Town."

"Lithuania ndiyo wapi?"

"Ulaya, kwenye Bahari ya Baltiki."

"Katoka huko kote kwenda kuchora watoto wa watu?"

"Na pikipiki," akasema Baharia. "Mtaa wa Ah Quee pana kijana kachorwa kapanda pikipiki, nayo ya kweli, kageuza shingo anakutazama kama unamdai. Mtaa wa Cannon pana mtoto kasimama juu ya kiti, kiti cha kweli, anajinyoosha. Na Mtaa wa Muntri pana msichana, huyo mkubwa, anafika ghorofani, kaweka mikono juu ya madirisha mawili ya nyumba ya watu."

"Na wenye nyumba wakitaka kufungua dirisha?"

"Wanafungua. Mikono ipo juu ya dirisha, haipo kwenye bawaba."

Fundi Rangi akatikisa kichwa kwa heshima. Huyu ndiye aliyechora nusu ya mabango ya vinyozi na maduka ya mtaa wetu, na katika maisha yake hajasifia kazi ya mtu aliye hai. "Marehemu Edward Saidi Tingatinga," akasema, "kule Dar es Salaam alikuwa anachora kwa rangi ya baskeli juu ya hadibodi. Nikadhani huyo kafika mwisho. Kumbe mwengine anakuja kuibandika baskeli yenyewe!"

Papasi yeye hakutaka habari za sanaa. "Kiingilio?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Bure. Barabarani, usiku na mchana. Unapewa na ramani, unazunguka mwenyewe."

"Mwenyewe!" Papasi alishika kifua. Mji ambao mgeni anazunguka mwenyewe na ramani mkononi, bila ya kijana wa kumpoteza kwanza kisha kumwongoza, kwake ni mji uliokosa ustaarabu. "Sasa watu wanaishi vipi?"

"Aiskrimu. Fulana zenye watoto wale. Sumaku za friji zenye watoto wale. Vikombe, mikoba, kadi. Na baskeli za kukodi, uende ukaitazame baskeli isiyokwenda."

Papasi akaanza kuhesabu kwa Kitaliano, lugha anayoitumia kwa fedha ambazo hajazipata.

"Lakini wewe," Maalim akamuuliza Baharia, "uliona nini hasa?"

"Kwanza niliona mgongo wa mtu. Pana foleni, yakhe. Jua la saa saba, watu wamejipanga kwa adabu kuliko mtungini, na kila mmoja akifika mbele anajifanya kakaa kwenye keria. Nimesimama nyuma ya bwana harusi na bibi harusi wenye mpiga picha wao. Walipigwa wakicheka, wakapigwa wakikimbia, wakapigwa wakiisukuma baskeli. Nilipofika mimi betri ya simu ilikuwa imekwisha."

"Kwa hiyo picha huna."

"Sina."

"Na sisi tukuamini."

"Si Maalim huyo ana simu!"

Ustadh alikuwa kimya muda mrefu, na tulijua anachokitunza. "Viumbe hao," akasema mwishowe. "Sura, macho, kila kitu. Hatua chache kutoka msikitini."

"Wapo na paka pia, Ustadh," akasema Maalim. "Mwaka 2013 ulikuwepo mradi wa paka tupu, ukiitwa paka 101 waliopotea, kuwatetea paka wa mitaani."

Ustadh akasita. Kila mtu hapa anajua kuwa nyumbani kwake paka wanakula kabla ya mgeni. "Paka nao ni viumbe," akasema, kwa sauti iliyokuwa imeshapoa.

"Kuna na sanamu za waya wa chuma," akasema Maalim. "Vikatuni 52 vilivyotundikwa kwenye kuta, vinasimulia mitaa. Kimoja kinamhusu Jimmy Choo, yule mshona viatu wa mabibi wakubwa wa dunia. Kajifunza ushonaji hapo hapo George Town."

"Waya!" akasema Ustadh kwa faraja. "Waya hauna shida sana."

Mimi nilidhani mada imeshafika kikomo chake, lakini Fundi Rangi alishaiacha dumna, akaenda kuugonga ukuta wa Bi Mkubwa kwa kifundo cha kidole, hapa na pale, anausikiliza. Akarudi na chokaa kwenye kucha.

"Hapa hapachoreki," akasema. "Au niseme panachoreka, ila si kwa rangi unazozitaka wewe Papasi. Ukuta huu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Unapumua. Unyevu unapanda toka chini, unatoka nje kidogo kidogo, jua linaukausha. Ukija wewe na ndoo ya rangi ya plastiki umeuziba pua. Maji yanakwama ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya rangi, mwaka wa pili rangi inafura, mwaka wa tatu inaanguka, na lipu inaanguka nayo. Mtoto wako kwenye baskeli atapoteza pua kwanza, halafu meno."

"Mbona huko Penang wamechora?"

"Nyumba za huko nazo ni matofali na lipu ya chokaa," akasema Maalim.

"Basi na wao watakiona. Na bado mvua haijasema lake."

"Nilipofika mimi rangi zilishakwajuka," akakiri Baharia. "Baskeli ilishika kutu, watoto walipauka. Lakini watu waliendelea kujipanga."

Fundi Rangi akafurahi, kwa maana alikuwa na hakika sasa kuwa Mlithuania naye ni fundi kama mafundi wengine. "Ningemshauri atumie rangi za chokaa na udongo mwekundu. Hazing'ai, lakini zinaingia ndani ya ukuta, zinazeeka pamoja nao."

"Watalii hawapigi picha kitu kisichong'aa," akasema Papasi.

"Nyie mnataka wachoraji," akasema Maalim. "Je, mmejiandaa akichora msichokipenda? Maana mwaka 2013 Zacharevic huyo huyo alishuka Johor Bahru, mji wa kusini unaotazamana na Singapore. Akachora kwenye kona ya jengo. Upande huu bibi wa Lego, yale matofali ya kuchezea ya watoto, kabeba mkoba wa bei mbaya anatembea zake. Upande wa pili wa kona, kibaka wa Lego kajibanza na kisu."

Kijiwe kizima kikacheka, maana kila mmoja hapa ana kona yake anayoiogopa.

"Halmashauri ya mji ikasemaje?"

"Ikatuma watu na rangi nyeupe. Wakafuta."

"Wakamfuta kibaka?"

"Picha, bwana."

"Na kibaka?"

Maalim akavua miwani, akaifuta kwa kanzu. "Mchoro ulikuwa kwenye kona moja ya mji mmoja. Ulipofutwa ukaenea dunia nzima."

"Kazi hiyo ya kufuta mie ningeipenda," akasema Fundi Rangi. "Rangi moja, brashi moja, na hapana mtu wa kukwambia pua haijakaa sawa."

"Mie ningechora polisi nyuma ya kibaka," akasema Papasi, "halafu nyuma ya polisi ningechora papasi, anawauliza wote watatu kama wanataka kwenda Prison Island."

Baharia hakucheka. Alikuwa anakizungusha kikombe kitupu. "Kuna kitu kilinishangaza pale," akasema. "Nilikaa mtaa ule mpaka alasiri. Watoto wa ukutani niliwaona. Wa kweli sikumwona hata mmoja anaendesha baskeli. Mji wa vichochoro kama ule, watoto wako wapi?"

"Wamehama," akasema Maalim. "Zamani kodi za nyumba kuukuu zilidhibitiwa na sheria. Bunge likaifuta mwaka 1997, wapangaji wakapewa muda mpaka mwisho wa 1999. Mwaka 2000 ulipoingia kodi zikaruka. Washona viatu, wachonga mabango, wauza uvumba, wakafunga virago na watoto wao. Urithi wa dunia ulipokuja nyumba nyingi zilikuwa tupu, tayari kugeuzwa hoteli na migahawa. Mchoraji kaja mwaka 2012, kachora watoto kwenye mtaa ambao watoto wameupungukia."

Papasi aligeuza shingo akatazama kichochoro chetu, juu na chini. Nyumba ya pili hoteli. Ya tatu hoteli. Ya nne duka la vinyago, ya tano inauza viungo kwa vifuko vidogo vyenye utepe. Nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona hana la kusema kuhusu hoteli.

"Kwa hiyo sisi ndio wakati wetu hasa wa kuchora," akasema, akiwa amepona.

Dirisha la juu likafunguka. Tulisahau kabisa kuwa ukuta una mwenyewe.

"Nyinyi!" Ilikuwa Bi Mkubwa, kanga kichwani, viwiko juu ya kizingiti cha dirisha. "Toka asubuhi mnaugonga ukuta wangu kama mna mkataba nao."

"Shikamoo, Bibi," tukasema kwa pamoja, hata Ustadh.

"Marahaba. Nimesikia yote. Nani atachorwa?"

Papasi akasimama wima. "Mtoto, Bibi! Juu ya baskeli. Watalii watafurika, na wewe utapata fungu lako kwa kila picha."

"Kwa nini mtoto wa rangi, aanguke pua? Mimi nina wajukuu tisa. Baskeli mnayo?"

"Ya kukodi ipo."

"Basi akae hapo mjukuu, wa kweli. Mgeni akitaka picha, elfu mbili. Akitaka acheke, elfu tatu."

Muuza Kahawa alisema hiyo ndiyo biashara ya kwanza yenye akili kupita hapa tangu mwezi uanze. Papasi akauliza wajukuu wenyewe wako wapi, waanze hata leo hii.

"Fuoni," akasema Bi Mkubwa. "Wote tisa. Mama zao wamehamia huko, huku hawakuweza kodi. Nauli ya daladala ya kwenda na kurudi mtaitoa nyinyi, na saa tisa wawe wamerudi, wana chuo."

Papasi akageuka kumtazama Muuza Kahawa. Muuza Kahawa alikuwa ameshainama, anahesabu vikombe vya Papasi vya wiki nzima.