Nahodha Aliyetelekeza Watoto

Jumamosi usiku nyumbani kwetu ni mali ya mume wangu. Ni mwalimu wa fizikia, mtu mpole ambaye siku sita za wiki hana usemi juu ya rimoti, lakini Jumamosi saa moja ikigonga hakuna tamthilia ya Kituruki, hakuna taarifa ya habari, hakuna mpira. Ni Star Trek: Voyager tu. Misimu yote saba, sehemu 172, anayo kwenye diski anayoitunza kuliko vyeti vyake, na sharti lake ni kwamba tunaangalia sehemu moja kwa wiki, kwa mpangilio, bila kuruka. Hata iliyo mbovu? Hata iliyo mbovu, ndivyo alivyoapa.

Basi wiki moja zamu ikaangukia msimu wa pili, sehemu ya 15, inayoitwa "Threshold". Ilirushwa Marekani tarehe 29 Januari 1996, na wapenzi wa Star Trek wakiitaja hushusha sauti. Mume wangu alijua hayo yote akatuficha. Tangu Alhamisi alikuwa akisema, "Jumamosi hii mvumilie kidogo," nasi tukadhani anazungumzia umeme.

Nyumba ilikuwa imejaa kuliko kawaida, kwa sababu Jumapili asubuhi tulikuwa tunatarajia posa ya binti yetu mkubwa kutoka kwa watu wa Pangani. Jikoni palinuka mafuta ya visheti. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuja kulala kwetu na sanduku lake la kazi. Ana saluni Ngamiani na ni mpambaji wa maharusi, na hajawahi kwenda popote bila lile sanduku. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi lake, miguu juu ya stuli. Pembeni yake kitinda mimba wetu, ambaye ndiye mkalimani: humtafsiria bibi yake papo hapo, kwa mbwembwe za zile muvi za kutafsiriwa, na pale Kiingereza kinapomzidi hutunga.

Safari hii hakuhitaji kutunga. Chombo kiitwacho Voyager kimepotea upande wa mbali wa galaksi, miaka nuru 70,000 kutoka nyumbani, na hata kikikimbia kwa nguvu zake zote kitatumia miaka 75 kurudi. Vijana wa chombo wamepata madini mapya, wanadhani yatawafikisha mwendo wa Warp 10. Kwa hesabu za tamthilia hiyo huo ni mwendo usio na mwisho: ukiufikia, uko kila mahali ulimwenguni kwa wakati mmoja. Rubani, Tom Paris, anaufikia. Anarudi shujaa, anakunywa kahawa, anaanguka. Mwili unakataa maji, kisha unakataa hewa. Nywele zinapukutika, moyo wa pili unaota, ulimi unadondoka. Daktari anasema mgonjwa anapitia mageuzi ya mamilioni ya miaka ndani ya saa 24. Mgonjwa naye anatoroka, anamteka nahodha mwenyewe, Kathryn Janeway, mwanamke wa heshima zake, na wenzao wanapowakuta siku tatu baadaye kwenye sayari ya vinamasi, wote wawili wamekuwa mijusi mikubwa ya majini, na pembeni yao kuna vijusi vitatu.

"Wamezaa?" aliuliza mama mkwe.

"Wamezaa, Bibi."

"Na ndoa?"

Mkalimani alitazama skrini, akamtazama baba yake. "Haikuonyeshwa."

Maofisa wakawabeba nahodha na rubani, wakawarudisha chomboni, daktari akawatibu wakawa watu. Vile vijusi viliachwa palepale kwenye tope. Nahodha na rubani wakakaa kitandani kila mmoja na chake, wakataniana kidogo kwa aibu, na majina ya waigizaji yakaanza kupita.

Mama mkwe alisubiri mpaka jina la mwisho. "Watoto je?"

Hakuna aliyemjibu, maana mume wangu alikuwa amekwisha simama katikati ya sebule. Kero yake ilikuwa ule mwendo. Akaeleza kwamba kipimo cha Warp kilipangwa upya na fundi wa Star Trek, Michael Okuda, kwa ajili ya tamthilia za miaka ya 1980 na kuendelea, ili 10 iwe ukuta unaokaribiwa bila kufikiwa: 9.9, 9.99, 9.999, unaongeza tarakimu mpaka uchoke. Ndiyo raha yake! Katika Star Trek ya kwanza, ile ya miaka ya 1960, waliwahi kupita 10 bila ajabu yoyote kwa sababu kipimo kilikuwa kingine. Sasa mtu anakuja na madini ya kuokota, anapita ukuta usio na mwisho kabla ya chakula cha mchana. Na mageuzi! Mtu mmoja hageuki kitandani, wanaogeuka ni kizazi baada ya kizazi. Alisema hayo akipiga kiganja kwa chaki ambayo hakuwa nayo.

Binti yetu mkubwa, ambaye usiku ule hakuwa ameinua macho kwenye simu, akasema bila kuyainua, "Kwani dawa si ipo?"

"Dawa gani?"

"Si wamepona? Basi wote wapande, wakimbie hiyo 10, wafike nyumbani wakiwa mijusi. Daktari wao si mtu, ni picha ya nuru ya kompyuta, yeye hawezi kugeuka. Awatibu wote. Miaka 75 imekwisha leo jioni."

Nimekaa na mume wangu muda mrefu na sijapata kumwona akikosa neno juu ya Voyager. Alifungua mdomo, akaufunga, akaenda kunywa maji. Kwa hakika hilo ndilo donda la kisa chenyewe. Wameshika mkononi walichokuwa wakikitafuta tangu sehemu ya kwanza, na wiki inayofuata hakuna anayekikumbuka.

Mimi nina maoni yangu, niliyapata nikiwa nakoroga shira. Msimu ule ulikuwa na sehemu 26. Mtu akidaiwa visa 26 kwa mwaka kimoja kitamchachia. Na aliyeandika hiki si mtu wa kubahatisha: Brannon Braga, ambaye pamoja na Ronald D. Moore waliandika mwisho wa Star Trek: The Next Generation mwaka 1994 na ukapata tuzo ya Hugo. Braga mwenyewe amekiri hadharani kwamba "Threshold" ilimharibikia. Alieleza kuwa palikuwa na mazungumzo ya kusema kwamba pengine mageuzi hayapandi siku zote, pengine huzunguka yakarudi kwenye uduni, na mazungumzo hayo yakaondolewa wakati wa kusahihisha. Tukabaki na mijusi isiyo na sababu. Lakini mazungumzo yale hata yangebaki yasingemjibu mama mkwe. Tamthilia za aina hiyo zilitengenezwa ili kila sehemu ijitegemee, kituo kiweze kuirudia siku yoyote bila mtazamaji kupotea, kwa hiyo saa ikiisha kila kitu kinarudishwa kilipokuwa na deni linafutwa. Ndiyo maana watoto wakabaki kwenye tope. Wangepandishwa chomboni, wiki ya pili wangetaka kulishwa.

Wifi alikuwa kimya muda wote huo. Alikuwa amesogeza kiti karibu na televisheni. "Rudisha pale nywele zinapomtoka," alisema. Tukarudisha. "Simamisha." Akaitazama ngozi ya Tom Paris, ile mishipa, ile rangi ya maiti iliyopandishwa hatua kwa hatua, mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. "Nani kafanya hii?"

Mume wangu, kwa unyonge, akasema ni Michael Westmore na kundi lake. Akabanwa zaidi akatoa na iliyobaki: sehemu hiyohiyo mbovu ndiyo iliyopata tuzo ya Emmy ya mapambo mwaka 1996. Akabanwa tena: babu yake Westmore huyo, George, ndiye aliyeanzisha idara ya kwanza ya mapambo katika studio ya Hollywood, mwaka 1917.

"Ukoo mzima!" Wifi alipiga makofi. "Halafu mnakaa hapa mnasema mbovu. Ubovu uko wapi? Nyinyi mmesikiliza maneno. Mimi nimeangalia kazi."

Hapo mume wangu angenyamaza, tungelala salama. Akasema, "Dada, ile si sayansi. Ni gundi na poda tu."

Sanduku likafunguliwa.

Sitasimulia kila hatua. Wifi alimkalisha mdogo wake chini ya taa, akamvua miwani, akaanza kumbandika tishu zilizochanwa vipande vipande, tabaka juu ya tabaka, kuanzia paji la uso upande wa kushoto, shavuni, mpaka nyuma ya sikio. Juu yake faundesheni iliyochanganywa na kijivu cha macho, kisha mishipa kwa wanja. Shira yangu iliungua tukiwa tumemzunguka. Nusu ya uso wa baba watoto ilikuwa ya chura aliyekufa juzi, nusu ya pili ya mwalimu anayejuta. Mama mkwe alikataa kumtazama mwanawe, akasema atamtazama akirudi.

Kurudi ndiko kulikokuwa kazi. Gundi ya kope ilikuwa imeisha mapema, na Wifi, kwa kuwa mkono ulikuwa umeshika moto, aliendelea na gundi ya wigi. Gundi ya wigi imetengenezwa ili bibi harusi atoke jasho, alie, acheze mpaka alfajiri, na wigi lisisogee. Dawa ya kuiondolea ilikuwa saluni, na funguo za saluni anazo msichana wake wa kazi, aliyekuwa Muheza kwenye msiba. Tukamlaza mume wangu sebuleni, tukampaka mafuta ya nazi, tukasubiri, tukabandua kidogo, tukapaka tena. Kila kipande kilikuwa na kilio chake. Karibu na alfajiri kikatoka cha mwisho, kile cha paji la uso, na kilipotoka kilikuja na unyusi wa kushoto mzima mzima.

Katika tamthilia daktari angeurudisha kabla ya tangazo la biashara. Sisi tulikuwa na wageni saa nne.

Wifi akamchorea unyusi mwingine kwa wanja, na lazima niseme ulikuwa mzuri kuliko ule wa Mungu. Wazee wa Pangani wakafika kwa wakati, wanne na mshenga wao, kanzu zimenyooka. Wanaume wakakaa sebuleni, sisi tukawa ukumbi wa nyuma, pazia tu katikati. Mshenga alikuwa bingwa wa maneno. Alianza na ua lililoonekana bustanini, akazunguka Pangani yote kabla ya kulifikia. Jua la kaskazi likazidi kupanda, feni ikawa inasukuma moto tu, na kwenye tundu la pazia nikaona unyusi wa mume wangu ukianza safari. Kwanza uliteremka kuelekea kwenye jicho. Akaufuta kwa leso, ukahamia sikioni. Mshenga akapoteza ua lake katikati ya sentensi, akalitafuta, hakulipata.

Katika ukimya huo mama mkwe akakohoa nyuma ya pazia.

"Mimi mzee wenu nina swali moja kabla barua haijapokelewa," alisema. "Watu wa kwenu wakisafiri, wakapata watoto huko walikofika, huwaacha hukohuko?"

Nilitamani sakafu inimeze. Alikuwa bado kwenye vinamasi. Lakini upande wa pili hakuna aliyecheka. Nilisikia kiti kikilia, kisha minong'ono, kisha sauti nzito ya baba mkubwa wa bwana harusi, mtu aliyefanya kazi melini ujana wake.

"Mama, naona habari zilitangulia," alisema. "Ni kweli nilichelewa. Lakini nilimfuata Durban mwenyewe. Yuko Pangani leo, ana duka na ana watoto wake. Muulize yeyote."

"Ulimfuata?"

"Nilimfuata, mama."

"Basi una nafuu kuliko nahodha. Barua ipokelewe."

"Nahodha yupi?" aliuliza mshenga.

Kitinda mimba alikuwa amengoja swali hilo tangu usiku. Alipita chini ya pazia, akasimama mbele ya wazee, akaanza na miaka nuru 70,000. Alipofika kwenye ulimi, sambusa zilikuwa zimesahaulika. Mshenga akataka kujua kwa nini hawakutumia dawa ile kurudi nyumbani. Baba mkubwa akasema nahodha alipaswa kuvuliwa cheo. Mzee mwingine, aliyekuwa hajatoa neno tangu aingie, akauliza kama vijusi vile vina haki ya kurithi, na kama ni kwa nasaba ya mama au ya baba. Mume wangu, akiwa na unyusi mmoja na mstari mweusi hadi shingoni, aliomba karatasi achore kipimo cha Okuda. Wifi akapaza sauti kutoka ndani kwamba wasisahau Emmy.

Jibu la posa walipaswa kulifuata wiki iliyofuata. Wakaomba iwe Jumamosi, saa moja usiku. Ilikuwa zamu ya "Meld", sehemu ya 16, ambamo Tuvok, ofisa wa chombo, anaunganisha akili yake na ya muuaji ili ajue kwa nini aliua. Ni kazi nzuri sana, imesukwa vizuri mwanzo hadi mwisho, na ilipokwisha tulibaki tunatazamana, hakuna mwenye la kusema. Mshenga alinywa juisi yake ya ukwaju, akapangusa midomo, kisha akauliza kwa adabu kama ile ya mijusi bado ipo.