Sufuri kwa Sufuri, Bila Picha

Goma, 26 Januari 2024

Shangazi, na wote hapo Ngamiani,

Mmeuliza kama niliwaona Taifa Stars wakicheza na Kongo juzi kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Niliwaona mwishoni tu, na sababu ni king'amuzi.

Naishi Majengo. Ndiyo, hata Goma ina Majengo, ila yetu imekalia mawe meusi ya volkano. Mpira ulianza saa nne usiku za huku, saa tano kwenu. Umeme ulikuwapo, jambo ambalo peke yake lilistahili shangwe. Sebule ya Papa mwenye nyumba ilifurika majirani, nami Mtanzania pekee nimejibanza pembeni kama mtalaka aliyealikwa harusini.

King'amuzi kinawaka, televisheni inawaka, kioo cheusi, kimeandika kwa Kifaransa kwamba hakuna mawimbi.

“Ni Batanzania banaficha picha!” akasema mama mmoja. “Banajua tutabapiga.”

Kila mtu akageuka fundi. Huyu anapuliza tundu, yule anaunyanyua waya dirishani eti unase. Papa akaipiga televisheni kofi la mgongo. Mpangaji mwenzangu, mwanafunzi wa chuo, ndiye aliyetuliza akili: “Papa, kama maandishi yanaonekana, kioo ni kizima. Ubaya uko njiani.” Akahakikisha televisheni inasoma tundu lile lile lenye waya. Akachomoa vyote ukutani, akawasha televisheni kwanza, kisha king'amuzi, maana vyombo vya HDMI husalimiana vikiwaka, na visipoelewana hupati picha. Akaazima waya wa jirani. Giza. Mapumziko yakafika.

Ndipo Papa akavuta uvunguni waya wa kale wa rangi tatu: njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti. Picha ikaja! Lakini njano ililegea, sharti ishikiliwe kwa kidole, na kidole kilichochaguliwa kwa kauli moja kilikuwa cha Mtanzania.

Mwanafunzi hakutuacha tutazame. Akaingia kwenye mipangilio: watoto walikuwa wamekipandisha king'amuzi hadi 1080p, na televisheni ya Papa, mtumba wa soko la Birere, haifiki huko. Akashusha hadi 720p huku majirani wakimtukana, akarudisha HDMI, picha ikang'aa.

“Tumekosa nini?” mama akauliza. Hatukukosa kitu, sufuri kwa sufuri, na ikaisha hivyo hivyo. Kongo wamevuka hatua ya makundi kwa sare tatu, sisi tumerudi nyumbani na pointi mbili. Wao wakaimba, mimi nikapewa Fanta ya pole.

Jumapili Kongo wanacheza na Misri. Shangazi, ule waya wa rangi tatu ulio chini ya kabati lako usiutupe: HDMI ikigoma, bila huo huwezi kuiona mipangilio yenyewe. Mpe yeyote anayepanda basi la Kigali, nitaufuata. Hautawahi Jumapili, lakini kidole changu kitashukuru.