Mwongozo wa Kukadiria Kodi Ambayo Haitakuja

Karibu Bungeni, mheshimiwa. Kiti umekipata, na sasa bajeti inakuja. Yenyewe haimsubiri mtu: kufikia tarehe 15 Februari Hazina Kuu inatakiwa iwe imeleta taarifa ya sera ya bajeti, kufikia 30 Aprili makadirio yawe mezani, na kufikia 30 Juni Mswada wa Fedha uwe umepita, kwa kuwa mwaka wa fedha wa Kenya unaanza Julai mosi. Muda ni mfupi na wapiga kura wanataka barabara. Basi sogea karibu nikuonyeshe njia za mkato. Zote zimeshatumiwa na watu waliokutangulia. Nitakuambia pia ni nani anayelipa kila njia inapotumika, maana hilo ndilo linaloniuma.

1. Anza na matumizi

Usianze kwa kuuliza nchi itaingiza kiasi gani. Orodhesha kwanza barabara, mabwawa, zahanati na ruzuku. Ongeza mishahara. Ongeza riba ya madeni, ambayo haina huruma. Jumlisha. Kisha toa kiasi unachoweza kukopa bila wakopeshaji kukunja uso. Kinachobaki, kiite makadirio ya mapato.

Ndivyo ifanyavyo kamati ya harusi: inaagiza hema na ng'ombe kwa kutegemea ahadi za michango, na wiki ya mwisho mweka hazina anaanza kupiga simu. Kwako wewe simu hizo zitapigwa na KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya.

2. Chagua ukuaji unaopendeza

Ili nambari yako isimame, tafuta kiwango cha ukuaji wa uchumi kitakachoibeba. Mvua ikinyesha vizuri, sema itanyesha hivyo tena. Nusu asilimia ya ziada haimkoseshi mtu usingizi. Lakini piga hesabu hii ukiwa peke yako: kwenye makadirio ya shilingi trilioni 2.5, kukosea kwa asilimia moja ni shilingi bilioni 25. Hizo ni pesa ambazo tayari umeshazigawa.

3. Buni kodi mpya, na uamini kwamba mlipaji hatasogea

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo tukae kidogo.

Kanuni ni rahisi. Hesabu watu wanaofanya jambo fulani leo, zidisha kwa kodi mpya, andika jibu. Usijiulize watafanya nini kesho. Uganda walifuata kanuni hii mwaka 2018, walipoanza kutoza shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Rais Museveni alikuwa ameitetea kodi hiyo kwa kusema mitandao inaeneza umbea. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa shilingi bilioni 284. Zikapatikana karibu bilioni 50. Vijana walikuwa wamepakua VPN, wengine wakahamia kwenye Wi-Fi za kazini, na kuna waliozima simu zao wakaendelea na maisha. Mwaka 2021 kodi ikafutwa, ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya bando la intaneti.

Tanzania nao, Julai 2021, waliweka tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja. Kelele zilipanda mpaka ikapunguzwa kwa asilimia 30 kabla mwaka haujaisha. Mtu aliyezoea kumtumia mama yake elfu ishirini kijijini alianza kumpa dereva wa basi bahasha. Serikali haikupata tozo, na mama alipata pesa zake kwa kuchelewa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko nyumbani. Septemba 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ili wafanyabiashara waache kuyachanganya na dizeli. Nia ilikuwa njema. Lakini tazama nambari inavyojila yenyewe: tozo ikifanya kazi yake, mafuta taa yananunuliwa kidogo, na mapato yanashuka. Matumizi yalishuka kweli. Aliyebaki akilipa bila pa kukimbilia ni yule anayefika kwenye pampu na chupa ya soda, ananunua ya shilingi ishirini ya kupikia chakula cha jioni. Huyo hakuwahi kuchanganya dizeli na kitu chochote.

4. Kodi ikikataliwa

Kuna mwaka watu watakuja mlangoni. Mswada wa Fedha wa 2024 ulilenga kuongeza shilingi bilioni 346. Ndani yake mlikuwa na VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, ingawa hizo mbili ziliondolewa kabla ya kura ya mwisho. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliuunga mkono na 106 wakaukataa. Siku hiyo hiyo waandamanaji waliingia Bungeni, na watu wakapigwa risasi na kufa.

Hapo, mheshimiwa, sina njia ya mkato ya kukupa wala sitaitafuta. Waliokufa hawawekwi kwenye safu yoyote ya makadirio.

Kesho yake Rais Ruto alikataa kuutia mswada huo sahihi. Tarehe 5 Julai akatangaza kwamba bilioni 177 zitapunguzwa kwenye matumizi na bilioni 169 zitakopwa. Jumlisha uone: bilioni 346 kamili. Nambari iliyokuwa haiwezekani kupunguzwa mwezi Mei ilipunguzwa nusu mwezi Julai.

5. Sogeza tatizo mbele

Ikiwa mapato hayatoshi katikati ya mwaka, kuna bajeti ya ziada. Na ikiwa huna subira hata ya hiyo, kuna Kifungu cha 223 cha Katiba. Serikali inaweza kutumia hadi asilimia 10 zaidi ya ilichoidhinishiwa, halafu ije Bungeni kuomba idhini ndani ya miezi miwili baada ya kuchota mara ya kwanza. Kiliwekwa kwa ajili ya dharura. Wewe kazi yako ni kuinua mkono baada ya pesa kutumika.

Kaunti nazo zinaweza kubebeshwa mzigo. Mwaka 2024 zilikuwa zimeahidiwa shilingi bilioni 400. Mswada wa Fedha ulipoanguka, Bunge la Kitaifa lilitaka 380, Seneti ikashikilia 400, wakavutana hadi wakaafikiana kwenye 387.4, mwaka wa fedha ukiwa umeshaenda miezi kadhaa. Wakati huo wote muuguzi wa hospitali ya kaunti alikuwa kazini.

6. Mwache mwanakandarasi asubiri

Hii ndiyo siri inayofanya hila nyingine zote ziwezekane. Pesa zikipungua, deni la serikali linalipwa kwanza, mishahara inafuata, na kinachobaki ndicho cha maendeleo. Kwa hiyo bajeti yenye mapato ya uongo haianguki kwa kishindo. Inaanguka kimya juu ya mtu mmoja mmoja.

Mchukue mwanakandarasi mdogo aliyejenga madarasa mawili. Amekopa benki. Saruji na mabati amechukua kwa ahadi dukani. Kazi imekwisha, mhandisi amekagua, cheti kimetiwa sahihi. Faili linaingia ofisi ya malipo mwezi Machi. Aprili anaambiwa mfumo haufanyi kazi. Mei anaambiwa arudi wiki ijayo. Juni fungu limekauka. Julai mosi mwaka mpya unaanza, na jina lake linahamishiwa kwenye orodha ya bili ambazo hazijalipwa, mahali ambapo kila waziri mpya huahidi kuunda kamati ya uhakiki.

Wakati huo VAT inadaiwa tangu cheti kilipotoka, si tangu pesa zilipoingia. Yaani ameifanyia serikali kazi, serikali haijamlipa, na serikali hiyo hiyo inamdai kodi ya malipo ambayo hajayaona. Fundi wake wa mawe hajalipwa, mwenye duka hajalipwa, na wote hao walipaswa kulipa kodi mwaka unaofuata. Ulipomnyima mmoja, ulipunguza mapato ya mwaka unaokuja, kisha ukashangaa KRA ilipokosa lengo tena.

7. Tangaza ushindi

Usilinganishe kamwe makusanyo na makadirio ya awali. Lipunguze lengo mwaka ukikaribia kwisha, kisha Julai itisha wanahabari useme lengo limevukwa. Utapigwa picha.

8. Karatasi ya safu tatu

Onyo la mwisho. Bunge lina ofisi yake ya bajeti, yenye wataalamu wanaojua kazi. Wakati wowote unaweza kuwaomba karatasi moja yenye safu tatu: tulichosema Juni, tulichobadilisha kwenye bajeti ya ziada, na tulichokusanya kweli. Ukitaka hila zangu ziendelee, karatasi hiyo isikaribie mkutano wa maoni ya wananchi.

Maana siku moja, katika ukumbi wa kaunti, mwanamke mwenye duka la vifaa vya ujenzi atasimama nayo mkononi. Atakuuliza mwaka jana mlisema mtapata ngapi, mkapata ngapi, na katika ile tofauti ni nani ambaye hajalipwa. Hapo funga mwongozo huu, mheshimiwa, umjibu kwa majina na kwa tarehe ya malipo.