Nyamang'uta Haijapatikana

Jumatatu. Wakati wa chai katibu wa chama chetu cha wakulima ametangaza kwamba kanzidata ya zamani inastaafu. Maulizo yake yote, yale maagizo yanayotutolea nani kaleta pamba kilo ngapi na anadai nini, yahamie SQL kabla msimu wa ununuzi haujafunguliwa. Muuzaji ametupa programu ya kugeuza, pamoja na kijitabu chenye picha za watu wanaotabasamu mbele ya kompyuta. Sijamtambua hata mmoja wa hapa Kibara.

Programu ilitaka kujisasisha kwanza. Bando likakata katikati. Dukani wakasema mwenye vocha kaenda Bunda kufuata vocha. Nikakaa benchi moja na vijana wa bodaboda, wakaniuliza naelekea wapi. Sikuwa na pa kuelekea.

Jumanne. Ugeuzaji umekamilika kwa fahari. Kioo kizima ni tiki za kijani. Katibu ameupiga picha ushindi huo na kuurusha kwenye grupu la viongozi, mwenyekiti akajibu kwa ngumi na makofi. Mimi nikaendesha ulizo la kwanza: wanachama wote ambao majina yao yanaanza na Nya. Kwa huku kwetu hilo ni daftari zima la akina mama, na akina baba kadhaa. Jibu likaja sifuri.

Kumbe kwenye mtambo wa zamani ukitaka kusema "na chochote kinachofuata" unaweka nyota. Mpya unataka alama ya asilimia. Programu iligeuza kila kitu ikaiacha nyota ilivyo. Kwa hiyo mashine ilikuwa inamtafuta kwa dhati mwanachama anayeitwa Nya, mwenye nyota mwishoni. Hajajiandikisha.

Nikamwandikia muuzaji. Akajibu papo hapo kwamba ujumbe wangu ni wa thamani, akanipa namba ya tiketi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na hii inaikaribia. Nimeinakili kwenye daftari la mikono, lile lisilohitaji kugeuzwa.

Jumatano. Leo ni zamu ya ndiyo na hapana. Mtambo wa zamani huandika ndiyo kama -1. Usiniulize sababu. Mpya huandika 1. Data zilihama zikavaa 1, maulizo yakahama yakiendelea kuuliza -1. Matokeo yake ripoti ya malipo ikatamka kwamba hakuna mkulima aliyewahi kulipwa, kuanzia Kisorya hadi Nansimo. Habari ilitoka ofisini kabla sijaweza kufunga dirisha la kompyuta. Saa nne foleni ilikuwa imefika kwenye mwembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia tunadai. Tangu mwaka gani?"

"Kompyuta inasema tangu mwanzo. Lakini imekosea, mzee."

"Kwa nini ikitupunja haikosei?"

Akaketi kwenye kiti changu. Nimefanya kazi nimesimama hadi adhuhuri, jambo ambalo nasikia lina faida kwa mgongo.

Alhamisi. Umeme hakuna. Nimepata wasaa wa kutafakari asili ya mateso. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alichapisha makala akitaka data zikae kwenye majedwali. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa kampuni hiyohiyo, wakatoa lugha ya kuyauliza majedwali hayo, ambayo leo ndiyo SQL. Mwaka 1986 Marekani ikaisanifisha rasmi. Kila kampuni ikaupokea usanifishaji huo kwa heshima, kisha ikaongeza lafudhi yake. Umeme ulirudi saa ya kufunga ofisi.

Ijumaa. Nyamang'uta imetoweka. Kata nzima, na pamba yake. Mtambo wa zamani ulifungia majina ndani ya alama mbili-mbili, mpya hufungia kwa alama moja-moja, na programu ikabadilisha bila kutazama ndani. Mashine ilipofika kwenye ritifaa ikaamini jina limekwisha. Ikabaki na Nyamang mkononi, kisha ikalalamika kwamba karibu na "uta" pana kosa. Huu ni Mkoa wa Mara. Ng' iko kwenye vijiji, kwenye koo na zizini.

Dawa yake ni kuweka ritifaa mbili mfululizo. Nimeziweka kwa mkono, jina kwa jina, hadi jioni. Katibu akapita, akaona, akasikitika. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Nilipotoka kununua chapati alikuwa ameshaanza kunisahihishia.

Jumamosi. Muuzaji amejibu. Hakugusia Nya, wala -1, wala Nyamang'uta. Anasema tiketi imefungwa kwa kuwa tatizo limetatuliwa, na ananiomba niipe huduma nyota, kuanzia moja hadi tano. Ninayo moja iliyobaki, ile ya Nya.